Mikono Aliyoificha Yusta

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani nipate pa kujificha, na umri wote huu nilionao. Nitakusimulia, ila usinikimbize. Miguu imevimba, na tangu asubuhi nimeshapanda kilima cha kanisani mara mbili kwa ajili ya vikao visivyo na mwisho. Kaa hapo kwenye kigoda. Mwache Glory azunguke uani, hakuna cha kumdhuru.

Jana ulikuja hapa na daftari jipya, penseli mbili na kifutio kinachonukia kama pipi. Ukanipa shikamoo yangu vizuri, kisha ukasema, "Mwalimu, wewe umefundisha darasa la kwanza miaka yote hiyo. Naomba unichukulie Glory jioni jioni, umnoe kidogo. Januari ana intavyuu kwenye ile shule yenye basi la njano, na mpaka leo hajui kuandika jina lake." Nikakujibu kwamba nimechoka, nikaingia ndani. Najua uliondoka umenuna, na una haki. Umetoka Njombe kuja kuuguza watu huku Kasulu, ndugu huna, zamu za hospitali zinakumaliza, halafu jirani pekee aliyewahi kuwa mwalimu anakufungia mlango. Lakini sikukataa kwa roho mbaya. Nilikataa kwa sababu ulipomwambia Glory aje amwonyeshe bibi anavyoandika, yule mtoto alikaa chini akaikalia mikono yake.

Mimi namjua mtoto wa namna hiyo. Niliwahi kuwa naye nyumbani kwangu, na niliyemfikisha pale ni mimi mwenyewe.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nafundisha darasa la kwanza Kibondo. Mume wangu alikuwa karani wa wilaya, mtu wa maneno machache. Mtoto wetu wa kwanza, Yusta, alikuwa na miaka minne. Shuleni kwetu hakukuwa na darasa la awali, kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe nyumbani nikitoka kazini. Darasani nilikuwa naacha watoto themanini na kitu, wengine wamekaa sakafuni, na nilikuwa nafika mlangoni sauti imekauka, sina hata hamu ya kuulizwa nimeshindaje. Wewe muuguzi, hali hiyo huhitaji kuelezwa.

Sasa usije ukadhani nilikuwa mwalimu wa kukaririsha. Hapana! Nilikuwa nimetoka kwenye semina, kichwa kimevimba. Tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa vitendo, kwa kushika, kupanga, kumimina na kufinyanga, na kwamba zana zimejaa tele majumbani mwetu. Nikaamini kwa moyo wote. Niliokota vizibo vya soda madukani nikavisugua vikang'aa. Nilikata vijiti nikavifunga kumi kumi kwa uzi. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akilima Nyakitonto, alikuwa ametuletea maharage, na ya huku umeyaona yalivyo: mekundu, ya njano, ya zambarau, yenye madoadoa, yote kwenye debe moja. Nikayafanya zana ya kufundishia rangi na hesabu. Walimu wenzangu walikuja kuona wakasifu sana. Na kusema kweli, vitu vyenyewe vilikuwa vizuri, hata leo ningekushauri uvitumie. Ubaya ulikuwa wangu mimi.

Mwalimu mkuu akasikia habari hizo. Akaniita ofisini, akasema wakaguzi watakuja siku ya wazazi, mwisho wa muhula, na angependa wamwone mtoto wa miaka minne anayehesabu hadi hamsini kwa maharage na kupanga jina lake kwa vijiti. Niliitikia kabla hajamaliza kusema. Nilijiona nimefika. Nilitoka ofisini mle nikiwa na wiki saba za kumwandaa.

Basi mkeka wa kuchezea ukageuka chumba cha mtihani. Hizi ngapi? Na hizi? Ukitoa mbili? Rangi gani hii? Hapana, angalia tena. Siku moja nilimkuta Yusta amepanga maharage mstari mrefu kuzunguka mguu wa kitanda. Mekundu yalikuwa ng'ombe, ya njano yalikuwa ndama, vizibo vilikuwa mazizi. Alikuwa anawapeleka kunywa maji, anawasemesha taratibu kwa Kiha, na kila ng'ombe alikuwa na ndama wake, hakuna aliyepungukiwa. Mkaguzi mwenye akili angekaa chini akaandika ukurasa mzima. Mimi niliona mtoto anachezea zana zangu. Nikachukua rula ya mbao, nikamwambia atoe mikono.

Nilimchapa viganjani. Kwa siku zile halikuwa jambo la kushtua, hata jirani hakuchungulia. Nikamchapa siku nyingine aliporuka kumi na tano, na nyingine tena aliposinzia juu ya vijiti. Halafu nikamzoesha kuhesabu viboko vyake mwenyewe, kwa sauti, nikijidanganya kwamba hata hiyo ni hesabu. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu, maana hili sina nguvu za kulirudia. Sikumchapa kwa kuwa nilimchukia. Nilikuwa nampenda kuliko macho yangu, nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nataka kusifiwa.

Mama mkwe alikuja alasiri moja, mvua za kwanza zimeshaanza. Aliteremka kwenye pikapu na mzigo wa viazi vitamu, matope mekundu hadi magotini. Wewe ni mgeni huku, labda umewaona Waha wakisalimiana ukadhani wanacheza. Mdogo anainama, anapiga makofi polepole, anasema "Mwidiwe," na mkubwa anaitikia huku naye akipiga makofi. Wanaulizana habari za nyumbani, za shamba, za mifugo, na makofi hayakatiki mpaka habari ziishe. Salamu hiyo Yusta aliijua kabla hajajua kutembea. Bibi yake huyo ndiye aliyemfundisha, amempakata, amemshika viganja na kuvigonganisha mpaka mtoto anacheka kwikwi.

Siku hiyo Yusta alisimama mbele ya bibi yake, mikono ameificha nyuma. Bibi akaanza kupiga makofi, akangoja. Mikono haikutoka. Nikaona aibu, mtoto wa mwalimu hana salamu! Nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani, "Yusta, toa mikono!"

Akaitoa. Akainyoosha mbele, viganja vimetazama juu, akafumba macho. Kisha akaanza: "Moja. Mbili. Tatu. Nne." Hakuna aliyekuwa amemgusa. Alipofika sita alifumbua jicho moja, aangalie kama nimemaliza.

Mama mkwe aliacha kupiga makofi. Nilikuwa sijawahi kuona makofi ya salamu yakikatizwa, na sijaona tena. Akamvuta mtoto, akamkalisha mapajani, akaviangalia vile viganja, kimoja kimoja, muda mrefu.

"Mwalimu," akasema. Siku zote alikuwa akiniita mwanangu. "Mimi nimekuja kusalimiwa. Mbona napewa mikono ya kuchapwa?"

Nikaanza kujieleza. Wakaguzi, semina, siku ya wazazi. "Mama, anahesabu mpaka hamsini sasa," nikamwambia.

"Ego, ndiyo, nimesikia anavyohesabu," akajibu.

Kesho yake asubuhi alimfunga Yusta mgongoni kwa kitenge, akamwambia mwanawe atangulie na mzigo wa nguo za mtoto, naye mume wangu akaubeba mpaka barabarani. Nikawafuata mbio. "Sasa mama, na siku ya wazazi je?"

"Waonyeshe maharage," akasema, akapanda pikapu.

Nilimdanganya mwalimu mkuu kwamba mtoto ana surua. Siku ya wazazi nilikaa kiti cha nyuma, roho inaniuma, na wala sikuwa namfikiria Yusta. Nilikuwa nafikiria nafasi yangu niliyopoteza. Kwa wiki tatu nilimchukia yule mama kwa nguvu zangu zote.

Shule zilipofungwa nikaenda Nyakitonto. Nilimkuta Yusta uani, amejipaka udongo mpaka kwenye nyusi, anafinyanga kitu alichosema ni chungu cha ugali. Pembeni yake palikuwa na ungo wa mbegu, naye na bibi yake walikuwa wameshazichambua, zilizotobolewa huku, nzima kule. Aliponiona alitabasamu. Kisha akakaa, akaiweka mikono chini ya mapaja. Nikautua mkoba wangu chini.

"Mama, nifanye nini?" nikamuuliza mama mkwe.

"Kaa. Fanya kazi na yeye. Usifundishe."

"Hata kidogo?"

"Oya, hapana. Hata kidogo. Umeshafundisha sana."

Nimefanya kazi nyingi, mwanangu, lakini kazi ya kutofundisha ilinitoa jasho kuliko zote. Tukimenya mihogo, Yusta anapanga maganda marefu na mafupi, na ulimi unaniwasha niulize lipi ni refu zaidi. Akichota maji kwa kibuyu kidogo kujaza chungu, maji yakafurika, nashika mdomo. Bibi yake alimpa tu kitambaa afute, akaendelea na yake. Mara ya pili mtoto aliacha kumimina kabla chungu hakijafurika, akainama kuchungulia ndani, akatia matone mengine kidogo, akaridhika. Hakuna aliyempongeza. Alijipongeza mwenyewe, nikaona kwa uso wake. Mimi nilikuwa nimehitaji semina ya wiki mbili na bango la rangi kueleza jambo hilo, na pale lilikuwa linafanyika tu, kwa kuwa maji yanahitajika jikoni.

Siku ya nne tukaenda kupanda maharage. Bibi anachimba, sisi tunatia mbegu mbili mbili na kufukia. Yusta alikuwa nyuma yangu. Mawazo yangu yalikuwa mbali, nikatia tatu. Akanivuta gauni.

"Mama, hapo umezidisha. Toa moja."

Tangu nifike hakuwa ameniambia sentensi nzima. Mikono yake yote miwili ilikuwa nje, imejaa mbegu na udongo, na alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake kazini. Moyo ulinijaa. Ningenyamaza, nikatoa ile moja, tukaendelea na shimo linalofuata, nadhani yote yangekwisha siku ile. Lakini mimi na kiherehere changu! Nikainama, nikatabasamu, nikamuuliza, "Kwa hiyo zilikuwa ngapi, Yusta?"

Mbegu zikamdondoka. Mikono ikaenda nyuma.

Bibi yake alikuwa ameegemea jembe, ameona kila kitu. Hakukasirika. Alionekana mtu aliyechoka, uso ule ule ninaouona siku hizi kwenye kioo changu. "Ulikuwa umeshafika huku Nyakitonto," akaniambia. "Umerudi Kibondo mwenyewe, kwa swali moja."

"Nilitaka tu aseme, mama."

"Amesema. Amekwambia umezidisha, akakwambia utoe moja. Ameshahesabu, ameshatoa, ameshakusahihisha na wewe mwalimu. Hicho kingine ulitaka amwambie nani? Wewe, au wale wakaguzi wako?"

Nikapiga magoti kwenye tope nikaanza kuziokota zile mbegu. Nililia pale shambani, sikuona haya. Yusta alisimama ananiangalia, hakukimbia, lakini hata kuokota hakunisaidia.

Januari nilirudi Kibondo bila mtoto. Nilikuwa nakwenda Nyakitonto kila Jumamosi barabara ikipitika. Nikajifunza kukaa. Tulisuka, tulichambua, tulikanda unga, tuliosha vikombe na kuvunja viwili. Mikono yake ilirudi polepole mno, na haikurudi kwa mpangilio nilioutaka. Alianza kumpigia makofi bibi yake, kisha baba yake, kisha hata mpita njia aliyeomba maji. Mimi nilikuwa wa mwisho. Maharage tuliyopanda yalikuwa yameshavunwa na mengine yameshapandwa siku aliponikimbilia barabarani, akainama, akapiga makofi, akasema "Mwidiwe, mama." Nilishindwa kuitikia kwa kilio, na mama mkwe akaitikia kwa niaba yangu.

Ungependa niishie hapo, naona umeshaanza kutabasamu. Hapana, mwanangu, nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya.

Yusta alipofika umri wa kuanza shule, mwalimu mkuu alimwandika darasani kwangu. Lilikuwa jambo la kawaida, watoto wa walimu wengi walisoma kwa mama zao. Yusta akamwambia baba yake kwamba shule ataenda, lakini kwa mama hataingia. Hakulia, hakugoma kula. Alisema tu. Baba yake akaja kuniambia akiwa ameangalia chini, nami nikaenda mwenyewe ofisini kuomba ahamishiwe mkondo wa pili. Mwaka mzima nilifundisha watoto wa watu kusoma, na wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta. Niliwasikia wakiimba herufi. Nilikuwa nanyamazisha darasa langu kidogo ili nisikie sauti yake, na siku nyingine niliisikia. Alijua kusoma kabla ya Pasaka. Aliyemshika mkono kuandika herufi ya kwanza ya jina lake si mimi.

Leo ni mtu mzima, ana kazi yake na watoto wake Kibondo, na ananipenda, sina la kulalamika. Anasema hakumbuki chochote cha siku zile. Labda ni kweli. Nimefundisha watoto hata idadi yao siijui, nikikatiza sokoni hapa Kasulu wananiita mwalimu, mwalimu, wengine wana mvi. Wote hao nawaona, lakini nikikaa peke yangu ninayemsikia ni yule wa upande wa pili wa ukuta. Ndiyo maana jana nilipomwona Glory amekalia mikono niliingia ndani. Nilikuwa naogopa kukwambia.

Sasa nakwambia, na unisamehe kama kuna mahali nitakuuma.

Hilo daftari liweke kabatini, litamngoja, halina haraka. Mtoto wako ana miaka minne, mpe kazi ya kweli ya nyumbani mwenu. Achambue mchele na wewe. Alinganishe malapa mlangoni, kila moja na mwenzake. Mpe donge la unga asukume chapati yake, iwe na umbo la ramani ya nchi yoyote anayotaka, na muile. Mpe vikombe viwili na beseni la maji. Udongo upo hapo nje, sabuni haijapotea madukani. Akifungua vifungo vya gauni lako la kazi na kuvifunga tena, vidole vyake vinajiandaa kwa penseli kuliko nitakavyoweza kumwandaa mimi kwa rula. Atakosea, mwache akosee mpaka aone mwenyewe. Na wakati yuko ndani ya kazi yake, nakuomba, usimuulize ni ngapi. Ukiweza kunyamaza utashangaa atakachokwambia bila kuulizwa.

Intavyuu hiyo huenda akaipita, huenda asiipite. Sikufichi. Shule zipo nyingine, na hata ile ya serikali pale chini ina darasa la awali siku hizi, jambo ambalo sisi hatukuwa nalo. Mwaka mmoja wa shule unafidika. Mtoto akishajifunza kwamba akinyoosha mikono kwa mama yake ataumia, hilo nimejaribu kulifidia maisha yangu yote, na unaona umri niliofikia.

Na siku umetoka zamu ya usiku, umechoka mpaka unaona mbili mbili, usimfundishe kitu. Mwambie, "Mama amechoka, njoo tulale." Huo uchovu wako si kosa lako wala lake, ila ukiutoa kwenye viganja vyake ataamini ni wake.

Glory nitamchukua. Lakini simchukui peke yake. Jumamosi ukiwa huna zamu njooni wote wawili, bila penseli, mnisaidie kupukuchua mahindi, maana mimi vidole vimekwisha. Utakaa hapo ulipokaa sasa, na utanyamaza. Mara ya kwanza itakuuma, nakuonya.

Haya, nenda, jua linazama na una kazi kesho. Mungu aliyekuleta huku mbali na mama yako akuwekee hapa watu wa kukuambia ukweli bila kukuchukia. Akutie nguvu miguuni kwenye hizo wodi zako, na akupe kimya pale ulimi unapokuwasha. Glory akue, akupite kwa akili na kimo, na siku ukiwa mzee kama mimi, akukimbilie barabarani na mikono yake yote miwili ikiwa wazi.